Kipoza Oili cha Pikapu Kuukuu

Ninayo pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1988, injini ya dizeli ya lita 2.4. Hupandisha sementi kutoka Mbale hadi Kapchorwa, na kurudi na kahawa. Mbale iko mita 1,150 hivi juu ya bahari. Kapchorwa hupita 1,800. Mlimani gari huenda gea ya pili kwa muda mrefu, na hapo geji ya presha ya oili ilikuwa ikishuka, maana oili ikipata moto mno huwa nyepesi.

Nikashauriwa kununua kipoza oili. Dukani nilionyeshwa namna mbili: cha bomba lililovikwa mapezi ya bati, ambacho bei yake ni nafuu, na cha sahani nyembamba zilizopangwa pamoja, ambacho hupoza zaidi kwa ukubwa ule ule. Muuzaji alinisihi nichukue kikubwa kuliko vyote. Nilikataa.

Oili hutaka digrii 90 hadi 110 hivi. Ikizidi 130 huharibika upesi; lakini ikikaa baridi siku zote, unyevu ulio ndani ya injini haukauki, nao huigeuza kuwa kama uji. Asubuhi za Kapchorwa ni za baridi, na kuteremka hakuipi injini joto. Basi nilichagua cha sahani, cha kadiri, chenye themostati: kilango ambacho huifungulia oili njia ya kwenda kwenye kipoza ikifika digrii 80 hivi.

Wengi hukifunga chini ya bampa kipate upepo. Lakini gari likipanda kilomita 20 kwa saa, upepo uko wapi? Changu kiko mbele ya rejeta, feni ivute hewa kupitia humo. Hewa hiyo huifikia rejeta ikiwa na moto, kwa hiyo rejeta iwe safi kwanza. Kuzibua yangu tu kulishusha oili kutoka digrii 128 hadi 119. Kama ingalifika 110, nisingalinunua kitu.

Kosa langu lilikuwa mipira. Nilifunga ya maji, kwa kuwa ni rahisi. Oili yenye moto iliilainisha, na mmoja ukapasuka karibu na Sipi. Nilizima injini mara moja, ikapona. Usiku ule nililala juu ya mifuko ya sementi, na mpira wa oili hasa ukaletwa asubuhi kwa teksi kutoka Mbale.