Mshipa Umeziba Kabisa: Lini Uzibuliwe?

Mgonjwa akiambiwa kuwa mshipa wake mmoja wa moyo umeziba asilimia 100, hujiona yu kaburini tayari. Hofu hiyo inaeleweka, ila mara nyingi si sahihi. Kinachoua ghafla ni donge la damu linaloganda katika mshipa uliokuwa ukipitisha damu hadi dakika chache zilizopita. Kizibo sugu, yaani kile kilichokaa miezi mitatu au zaidi, kimeupa moyo muda wa kujitafutia njia za panya: mishipa midogo inayochukua damu kutoka mshipa jirani na kuifikisha upande wa pili. Damu hiyo huweza kumtosha mtu aliyekaa. Akipanda ngazi haitoshi, kifua kinabana, pumzi inakata.

Kukizibua bila kupasua kifua ni kazi ya ustadi mkubwa. Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza mwaka 1977 huko Zurich, na tangu hapo puto, na baadaye stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa ubaki wazi, zimekuwa sehemu nyepesi ya shughuli. Shida ni kuvusha waya wenye unene wa takriban milimita 0.36 katika kichwa cha kizibo kilichokomaa kwa nyuzi na chokaa. Daktari huingiza mirija miwili, mkononi au kwenye paja, na kupiga dawa ya rangi katika mshipa ulioziba na ule jirani ili aone kizibo kinapoanzia na kinapoishia. Waya ukigoma kupenya katikati, unaweza kupitishwa ndani ya ukuta wa mshipa na kurudishwa kwenye njia yake mbele ya kizibo. Hapo pia pakishindikana, kuna mbinu iliyokuzwa sana na Wajapani, akiwemo Osamu Katoh: waya hupita kwenye zile zile njia za panya na kukishambulia kizibo kwa nyuma, ambako mara nyingi ni laini zaidi. Mikononi mwa waliobobea, takriban vizibo 85 hadi 90 katika kila 100 hufunguka.

Lakini kuweza si sababu ya kufanya. Utafiti wa EUROCTO wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 396 barani Ulaya, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliozibuliwa walikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi wa kufanya shughuli kuliko waliotumia dawa peke yake. DECISION-CTO, wa barani Asia, wenye wagonjwa zaidi ya 800, haukuona tofauti katika vifo na mishtuko ya moyo. Kwa hiyo, kwa ushahidi tulio nao, kizibo sugu huzibuliwa ili mtu apate nafuu. Anayeahidiwa kuongezewa miaka anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Watetezi wa kuzibua watasema DECISION-CTO ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa, na kwamba karibu mmoja kati ya watano waliopangiwa dawa alizibuliwa hata hivyo. Ni kweli, na kasoro hizo zinaweza kuficha faida ndogo. Haziwezi kuthibitisha kuwa faida hiyo ipo. Wenye shaka nao watasema wagonjwa wa EUROCTO walijua wametibiwa vipi, na imani pekee hupunguza maumivu. Hoja hii ina uzito zaidi. Inapungua makali tukitazama ORBITA-2 wa mwaka 2023, ambamo baadhi walifanyiwa tiba ya kuigiza bila kujua, na bado waliopanuliwa mishipa kweli ndio waliopata nafuu zaidi. Hata hivyo, utafiti huo ulihusu mishipa iliyosinyaa, si iliyoziba kabisa.

Anayebanwa kifua licha ya kumeza dawa zake ipasavyo, na misuli iliyo nyuma ya kizibo bado hai, ana sababu nzuri ya kulazwa mezani. Asiyesikia chochote atakuwa akijitwisha bure mionzi mingi, dawa ya rangi inayoweza kuumiza figo, na uwezekano wa waya kutoboa mshipa. Damu ikivujia kwenye mfuko wa moyo, daktari hulazimika kuchoma sindano chini ya kidari na kuifyonza pale pale, kabla haijaubana moyo ukashindwa kupiga.