Makala au gazi ndani ya bato? Swali la mama wa Lubunga

Kwenye mkutano wetu wa wiki iliyopita mama mmoja kutoka Lubunga alisimama akauliza swali lililotushinda kujibu palepale. Yeye anafanya biashara ya mchele. Anashuka na mto mpaka Bumba, ananunua magunia yake, anapanda nayo kurudi Kisangani. Mtoto wake aliye Kinshasa amemtumia chupa ya gazi ya kilo 6 na jiko lake dogo, akamwambia kwa simu: mama, acha kubeba mbabula ndani ya bato, siku moja makala yatawaua. Basi mama akatuuliza: niende na gazi, au nibaki na mbabula yangu?

Nusu ya ukumbi ilisema gazi, nusu makala. Mama mmoja mzee, aliyekaa nyuma, akasema aende na kwanga tu. Tulicheka. Lakini nimelizungusha swali hilo kichwani wiki nzima, nimeongea na wanaopika kwenye mto na wanaouza gazi mjini, na naona mzee wetu hakuwa mbali na ukweli.

Swali lenyewe si la mchezo. Tarehe 15 Aprili 2025, karibu na Mbandaka, bato ya mbao inayoitwa HB Kongolo ilishika moto ikapinduka. Ilikuwa imetoka bandari ya Matankumu ikielekea teritware ya Bolomba, na ndani kulikuwa na watu mamia. Waliokufa walizidi 140, wengi wao wanawake na watoto. Mbunge aliyeongoza ujumbe wa wabunge wa jimbo lile alieleza namna ilivyoanza: mwanamke aliwasha makala ili apike, na mafuta ya bato yalikuwa karibu, yakalipuka. Mwezi Septemba mwaka uleule, upande wa Lukolela, bato nyingine yenye watu karibu 500 ilishika moto ikapinduka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Sisi wenye watu wetu safarini tunajua siku kama hizo zinavyokuwa, simu inaita na hakuna anayepokea.

Baada ya Mbandaka nilisikia watu wengi, hasa wanaume, wakisema: ni mwanamke na mbabula yake. Maneno hayo yaliniuma. Yule mama aliwasha moto kwa sababu safari ni ndefu na watoto wanakula kila siku. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za mto. Kushuka kunaweza kuchukua wiki mbili au tatu, kupanda mwezi na zaidi. Tuseme nani atakaa siku hizo zote bila kuchemsha uji wa mtoto? Tena chakula chenyewe kinakuja kibichi. Pirogi zinatoka kijijini, zinajishika pembeni ya bato, zinauza samaki ambaye bado anaruka. Samaki huyo usipomchoma au kumtia katika liboke siku hiyo, kesho anatupwa.

Kwa hiyo moto utakuwepo. Tuangalie ni moto gani, na hasa uko jirani na nini.

Tuanze na ile bidoni, maana yeye ndiye mwenye kesi. Esansi haingoji ndimi za moto ziiguse. Hata kwenye baridi inatoa mvuke, na mvuke huo hatuuoni. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi. Unashuka, unatambaa chini ya mbao, unajaa kwenye tumbo la bato pale maji machafu yanapokusanyika. Unaweza kukutana na kaa la moto mita nyingi kutoka kwenye bidoni, na hapo moto unarudi mpaka kwenye bidoni yenyewe. Mazuti ni mpole kidogo, inahitaji kupashwa moto kwanza ndipo ishike. Lakini balenieri nyingi ndogo zinatumia esansi, na zaidi ya ile ya mashine kuna esansi ya biashara, inayopelekwa kuuzwa vijijini. Na tusidanganyane, bamama: mara nyingine bidoni hiyo ni ya mmoja wetu, ameifunika kwa kitenge ili kapiteni asiione.

Sasa mbabula. Makala tunayajua tangu utoto. Yanapatikana kila mahali, unanunua kwa kopo au kwa gunia kulingana na mfuko wako, na samaki aliyechomwa juu ya makala, hakuna gazi itakayompa harufu ile. Ubaya wake kwenye maji ni aina mbili. Kwanza cheche. Ukipepea, zinaruka. Bato ikitembea, upepo unatoka mbele unakwenda nyuma, na nyuma ndiko ziliko mashine na mafuta. Kwa hiyo ukipika mbele cheche zinaelekea kwenye mafuta, na ukipika nyuma wewe mwenyewe umekaa juu yake. Kwenye balenieri ya mbao mimi sijaona mahali pazuri pa kuweka mbabula wakati inatembea, na nimetafuta. Tena kaa lililofunikwa na jivu linaonekana limekufa kumbe bado lina moto saa nyingi baadaye, na usiku mtoto anapiga mbabula teke akiwa usingizini.

Ubaya wa pili hauonekani. Nitawaelezea kwa yaliyonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ninashuka Basoko na watoto wawili. Baada ya Isangi mvua ilitushika, mvua ile ya kwetu isiyokuwa na mwisho, na vijana wa bato wakavuta bashi kutufunika wote, wakaifunga pande zote. Chini ya bashi kulikuwa na mbabula mbili zinawaka. Hakuna aliyezizima, tulikuwa tumelowa na joto lilikuwa tamu. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma, mdogo wangu akatapika, mkubwa akalala usingizi mzito nisioujua. Nilidhani ni mawimbi. Bibi mmoja akapiga kelele wafungue bashi, akamwaga maji juu ya makala yote mawili, na watu wakamtukana kwa sababu ya chakula chao. Hewa ilipoingia tukapata nafuu. Baadaye muuguzi wa hapa mjini alinieleza kwamba makala yanayowaka yanatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu, na watoto inawashika upesi kuliko wakubwa. Kichwa kuuma, kutapika na usingizi ndizo dalili zake. Yule bibi sikumwuliza jina lake, na inanisumbua mpaka leo.

Gazi je? Wanaoisifu wana haki yao. Haina cheche wala jivu. Unafungua robine inawaka, unafunga inazimika, na ukiifunga hakuna kaa linalobaki likingoja usiku. Masufuria hayawi meusi na macho hayaumi. Nyumbani mimi ningeichukua bila kufikiri mara mbili, kama bei ingeniruhusu. Shida ya bei tunaijua: makala unalipa kidogo kidogo, gazi unalipa yote siku moja, na chupa ikiisha katikati ya safari usitegemee kijiji kuwa na mahali pa kuijaza. Chupa ya kilo 6 kwa jiko la kichwa kimoja inakupa kama saa 30 za moto mkubwa, zaidi ukiupunguza. Ukipika saa tatu kwa siku, siku kumi zimekwisha na Kinshasa bado hujaiona.

Lakini kwenye bato gazi ina tabia moja ambayo mtoto wa Kinshasa hakumwambia mama yake. Gazi ya chupa, iwe propani au butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Propani karibu mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja jikoni kwako Makiso, unafungua mlango inatoka na kusambaa. Ikivuja ndani ya bato inafanya kama esansi: inashuka kwenye tumbo la chombo inalala humo, na tumbo la bato halina mlango. Wazungu wenye mashua za matanga, wanaopika ndani yake miezi mizima baharini, wamelijua jambo hilo kwa kuchomeka. Ndiyo sababu chupa zao wanaziweka kwenye sanduku la juu, lenye tundu chini linalomwaga gazi nje ya mashua, na wengi jiko la kuchomea nyama wanalifunga pembeni kabisa, juu ya maji. Sisi chupa tunaisukuma chini kati ya magunia ili isiibiwe. Hapo umebadilisha hatari, hukuiondoa. Na kama esansi ipo karibu, ndimi za gazi ni moto kama moto mwingine. Mvuke wa esansi hauulizi kama umewashwa na makala au na jiko la kisasa.

Basi jibu langu linategemea chombo. Kwenye baji za chuma zinazosukumwa, zenye nafasi wazi juu, mbabula inaweza kupikia vizuri ikikaa ndani ya beseni la mchanga, mbali na bashi na magodoro, na ndoo ya maji pembeni ikiwa imejaa kabla hujawasha. Hapo hata gazi inaweza kukaa, mradi chupa isimame wima, ifungwe kwa kamba, iwe juu kwenye hewa. Kabla ya kuwasha paka maji ya sabuni kwenye tiyo na kwenye robine. Yakitoa povu linalovimba, inavuja, usiwashe. Gazi imetiwa harufu mbaya makusudi ili pua ikuonye. Ukiisikia usiku, funga robine, usiwashe kibiriti kutafuta inatokea wapi.

Kwenye balenieri ya mbao, ikiwa inatembea, mimi nasema hapana kwa vyote viwili. Pika nchi kavu. Balenieri nyingi zinasimama njiani, kushusha watu au kulala, na hapo mbabula inashuka nawe ukingoni. Unapika cha usiku na cha kesho, unachemsha maji ya kutia katika termosi kwa uji wa mtoto, unayazima makala kwa maji mpaka yasitoe hata mvuke, ndipo unapanda. Siku ambazo haisimami unakula kwanga, karanga na samaki wa moshi. Hapo ndipo mzee wetu wa nyuma alipotushinda.

Kuna kazi nyingine tunayoiweza kuliko tunavyodhani. Sisi ndio wenye magunia. Mwenye bato anatuhitaji ajaze chombo chake, na neno letu lina uzito kabla hatujalipa, halina uzito wowote tukishaondoka bandarini. Kwa hiyo tumwulize kapiteni wakati pesa bado ziko kwenye kitenge: mafuta yamewekwa wapi? Bidoni zina vifuniko vinavyokaza au zimezibwa kwa plastiki? Esansi ya biashara imo, na ya nani? Tutasimama wapi kupika? Mama mmoja akiuliza peke yake wanamwita msumbufu. Wakiuliza kumi wenye magunia 80 kati yao, bidoni zinahamishwa. Niliona hivyo kwa macho yangu mwaka jana, na kapiteni alinung'unika mpaka Yangambi, lakini alizihamisha.

Nimeulizwa pia kuhusu kuzima. Makala yanazimwa na maji. Esansi inayowaka usiimwagie maji kabisa, inaelea juu yake na kukimbia ikiwa inawaka. Tupa mchanga, ndiyo maana lile beseni lina kazi mbili. Mafuta ya kukaanga yakishika moto, funika sufuria, usiibebe kukimbia nayo. Na aliyeungua, mwagieni maji safi ya baridi dakika 20, msimpake dawa ya meno wala mafuta ya mawese, mpaka afike kwa muuguzi.

Mama wa Lubunga nilimtembelea Jumapili. Tulivuka kwa pirogi, mimi na katibu wetu, tukamkuta anapima chumvi ya kwenda kuuza. Chupa ya gazi ilikuwa uwanjani, juu ya kiti, imefunikwa kwa kitambaa kama mgeni. Tukaijaribu kwa sabuni: kwenye tiyo hakuna kitu, kwenye robine povu dogo lilitoka. Kijana wa jirani anayejua mambo hayo akabadilisha mpira wake, na povu likakoma. Gazi itabaki nyumbani, mkwe wake atapikia watoto. Mama atasafiri na mbabula yake na beseni la mchanga wa mto. Balenieri yake inaondoka Alhamisi. Jumatano saa tatu asubuhi tunakutana bandarini, wote wenye mizigo humo, kumwuliza kapiteni yale maswali manne. Mwenye nafasi aje, hata kama hasafiri.