Uzito, Tungamo na Gorogoro

Mnunuzi anayeagiza gorogoro mbili za mahindi sokoni hapimiwi uzito. Anapimiwa ujazo, yaani nafasi inayojazwa na punje. Mkebe uo huo ukitiwa mahindi, kisha maharagwe, kisha unga, mizani itatoa majibu matatu tofauti japo jicho limeona kiasi kimoja. Hata hivyo, gorogoro aghalabu huhesabiwa kuwa kilo mbili, na anayepunjika ni yule asiyetofautisha mkebe na mizani. Sembuse mkebe uliobonyezwa kitako!

Ikumbukwe kwamba tofauti hii si ngeni kwa Waswahili. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Hivyo ni vipimo vya ujazo. Karafuu na pembe za ndovu ziliuzwa kwa frasila, takriban kilo 16, nayo ilihitaji mizani. Urefu wa nguo ulitegemea mwili wa mtu: shibiri, dhiraa na pima. Bila shaka dhiraa ya mrefu haikulingana na ya mfupi.

Utata mkubwa zaidi umo katika neno uzito lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili, sawa na uzani, hutosheleza mahitaji yote. Katika fizikia halitoshi. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo katika kitu, na hupimwa kwa kilogramu. Uzito ni nguvu ya mvutano inayokivuta kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Jiwe la kilo 6 lina uzito wa nyutoni 59 hivi duniani. Mwezini uzito huo hushuka hadi nyutoni 10 hivi, ilhali kilo zake ni zile zile 6. Si lazima kusafiri hadi mwezini: jiwe hilo likiwa Nanyuki, penye ikweta, huvutwa kwa nguvu pungufu kwa takriban nusu asilimia kuliko likiwa kwenye ncha ya dunia. Mizani ya springi iliyo makini itaibaini tofauti hiyo. Mizani ya sahani mbili haitaibaini, kwa kuwa jiwe na vipimo vya upande wa pili hupungukiwa kwa pamoja.

Kilogramu nayo ina historia yake. Tangu 1889 ilitegemea silinda ya platini na iridi iliyohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris. Nakala zilipolinganishwa na silinda hiyo baada ya miaka mingi, baadhi zilionekana kuachana nayo kwa takriban mikrogramu 50. Kuanzia Mei 20, 2019, kilogramu hufafanuliwa kwa thamani isiyobadilika ya Planck.

Mfasiri wa gazeti akiandika “uzito wa kilo sita” hana kosa kubwa. Mfasiri wa kitabu cha fizikia akifanya vivyo hivyo, atajikuta akiwaambia wanafunzi kwamba mwezini jiwe limepungua uzito lakini uzito wake haukupungua. Wapo wanaolipinga neno tungamo kwa kuwa kitenzi tungama huwakumbusha damu iliyoganda. Pingamizi hilo halina mashiko: maada iliyoshikamana ndiyo hasa inayopimwa.