Jalada la CD: Lipi Lafaa?



Mhariri ameniomba niandike habari kidogo juu ya kazi niliyopewa na chama chetu cha wanafunzi wa zamani, yaani kuchagua majalada ya CD za shule. Nilipoipokea kazi hiyo niliicheka moyoni. Nilidhani jalada la CD ni kama karatasi ya kufungia sukari: ukifika nyumbani waitupa, wabaki na sukari yako. Leo najua kwamba nilikosea, na kosa langu lilimwaibisha mtu asiye na hatia. Kwa hiyo nitaeleza yote tangu mwanzo, ili atakayepewa kazi kama hiyo baada yangu asifanye kama mimi.

Habari yenyewe ilianza hivi. Chama kilitaka kupata fedha za kununulia vitabu vya maktaba. Tukakubaliana kutoa CD moja yenye nyimbo za kwaya ya shule, ngoma za wanafunzi, na mwishoni nyimbo tatu za mzee mmoja apigaye inanga, ambaye alishuka Bujumbura kutoka milima ya Muramvya akakaa nasi siku mbili. Labda mtaniuliza: kwa nini CD, siku hizi ambapo kila kijana ana muziki wake katika simu au katika flashi? Ni kwa sababu wanunuzi wetu wengi ni watu wazima. Wana mashine za CD nyumbani au ndani ya magari yao, tena hupenda kununua kitu cha kushika mkononi na kumpa mgeni anaposafiri.

Basi tulinakili CD mia moja kwa kompyuta hapa hapa mjini. Mimi, kwa kutaka kubana fedha, nikanunua bahasha nyeupe za karatasi zenye dirisha la nailoni, nikagonga muhuri wa shule juu ya kila moja, kazi ikaisha. Hazikupita wiki mbili watu wakaanza kuzirudisha. Wote walikuwa na neno moja: "Nyimbo tatu za mwisho zimeharibika. Mtu ananong'ona tu, sauti yake haisikiki."

Wanaoijua inanga watacheka. Ala hii ni ubao uliochongwa mfano wa chano kirefu, na nyuzi zake huvutwa kutoka ncha moja hadi ncha nyingine. Iko namna moja ya kuiimbia ambayo mwimbaji hunong'ona kwa makusudi. Katika Kirundi kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, na mtu anayenong'ona hawezi kupandisha wala kushusha sauti. Ndipo nyuzi zinapomsaidia: zenyewe hupanda na kushuka badala ya koo lake, na msikilizaji huunganisha mnong'ono na nyuzi akapata maneno kamili. Huo ni ufundi mkubwa, wala si kasoro. Kampuni ya Ocora ya Ufaransa ilitoa santuri ya muziki wa asili wa Burundi katika miaka ya 1960, yenye mnong'ono kama huo, na baadaye santuri hiyo ikatolewa tena katika CD. Lakini sisi wenye nchi tulitoa CD isiyo na hata mstari mmoja wa maelezo, na jina la mzee halikuandikwa mahali popote.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mmenipeleka kwa wageni bila kunitaja jina. Wangejuaje kwamba mimi si mgonjwa?" Sikuwa na jibu. Niliporudi nilianza kujifunza habari za majalada kwa bidii, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa kuijua CD yenyewe. Kitu hiki kililetwa na makampuni mawili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, nacho kilianza kuuzwa mwaka 1982. Upana wake ni sentimita 12, unene wake milimita 1.2, na huchukua muziki wa dakika 74 hadi 80. Husomwa na mwali wa mwanga unaotoka chini, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kwa sababu hiyo watu wengi huulinda sana upande wa chini unaong'aa, na upande wa juu wenye maandishi huusugua watakavyo. Kumbe mambo ni kinyume. Utando unaobeba muziki uko karibu sana na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba tu. Mkwaruzo mdogo wa chini waweza kusuguliwa ukatoka, bali mkwaruzo wa juu ukifika kwenye utando hauponi tena. Tena CD zinazonakiliwa kwa kompyuta, kama zetu, zina rangi maalumu ndani yake ambayo jua kali huiharibu. Kwa hiyo jalada jema sharti lilinde pande zote mbili, lizuie mwanga, na lisiigandamize CD.

Sasa nitazitaja aina za majalada, moja moja.

Ya kwanza ni bahasha ya karatasi, ile niliyoichagua mimi. Uzuri wake ni wepesi na bei ndogo. Ubaya wake ni kwamba kila CD inapotolewa na kurudishwa husuguana na karatasi, vumbi likiwamo. Wala bahasha haina mgongo wa kuandikwa jina, basi ukizipanga katika rafu hujui ipi ni ipi. Hapa kwetu kando ya ziwa Tanganyika kuna joto na unyevu, na karatasi nyembamba hulegea upesi.

Ya pili ni kifuko cha plastiki laini. Hiki huzuia maji, lakini baadhi ya plastiki hizo zikikaa katika joto, mathalani ndani ya gari lililoegeshwa juani, huweza kugandamana na CD. Vifuko vyenye kitambaa laini ndani ni bora zaidi.

Ya tatu ni kisanduku cha plastiki ngumu, ambacho wengi wetu twakijua tangu zamani. Kina urefu wa sentimita 14 na kidogo, upana wa sentimita 12 na nusu, na unene wa sentimita moja. Katikati yake kuna vijino vinavyoishika CD, hata nyuso zake zote mbili haziguswi na kitu. Mbele huingia kijitabu, na nyuma huingia karatasi ambayo kingo zake hukunjwa zikawa mgongo wenye jina. Kasoro yake ni kwamba plastiki hiyo ni kavu; ikianguka sakafuni hupasuka, na bawaba zake hukatika. Walakini kisanduku kikivunjika chaweza kubadilishwa. Ninayo CD ya *Sambolera* ya Khadja Nin, binti wa Bujumbura aliyeimba kwa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1996. Kifuniko chake kilivunjika ndani ya basi. Nilitoa kijitabu na CD, nikavitia katika kisanduku kingine, na mpaka leo vi salama.

Ya nne ni kisanduku chembamba, nusu ya unene wa kile cha kwanza. Visanduku vya kawaida mia moja vikipangwa hujaza meta nzima ya rafu. Hivi vyembamba hujaza nusu meta hivi. Lakini mgongo wake ni mwembamba mno kwa kuandikwa, na nafasi ya kijitabu ni ndogo.

Ya tano ni jalada la karatasi ngumu lililokunjwa kama daftari, ambalo ndani yake hubandikwa kitako cha plastiki cha kushikia CD. Wenyewe huliita digipak. Hakika ndilo linalopendeza kuliko yote, kwani picha huchapwa juu yake lote. Lakini vijino vyake vikivunjika huwezi kuvibadilisha, kwa maana kitako kimegundishwa. Tena pembe zake huchakaa, na likiloa hufura. Bei yake nayo ilituzidi nguvu.

Ya sita ni jalada la karatasi ngumu lisilo na plastiki yoyote, mfano wa jalada la santuri za zamani lililofanywa dogo. Halivunjiki, ni jepesi kwa posta, na mchapaji yeyote mwenye mashine nzuri aweza kulichapa na kulikunja. CD ikitiwa kwanza katika kifuko cha kitambaa laini, kisha ikaingizwa humo, haikwaruzwi.

Baada ya kuzijua aina zote nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kila moja ina jema lake na baya lake. Hapo nikasoma habari moja iliyonifungua macho. Huko Marekani, CD zilipoanza kuuzwa, kile kisanduku cha plastiki kilitiwa tena ndani ya boksi refu la karatasi ngumu, lenye kimo cha sentimita 30 hivi. Sababu ni kwamba rafu za maduka zilikuwa zimetengenezwa kwa santuri kubwa, tena wenye maduka waliogopa kwamba kitu kidogo huibwa kwa urahisi. Mnunuzi alifika nyumbani akalitupa boksi, kwani halikumfaa kitu. Watu wengi walilalamika juu ya kupoteza karatasi bure, na mwaka 1993 makampuni yakaliacha. Boksi lile lilikuwa limechaguliwa kwa ajili ya duka, wala si kwa ajili ya msikilizaji. Nami nilikuwa nimechagua bahasha kwa ajili ya mfuko wa chama, nikawasahau msikilizaji na mwimbaji.

Kwa hiyo tuliacha kuuliza ni jalada lipi zuri, tukauliza maswali matatu. CD hii itakwenda wapi? Itakaa muda gani? Atakayeifungua atahitaji kujua nini?

Majibu yalitupeleka kwenye majalada mawili. CD za kukaa hapa Bujumbura, pamoja na zile za maktaba, tulizitia katika visanduku vya kawaida vya plastiki, vikapangwa vimesimama mahali pasipo jua. CD za kusafiri, ziendazo Gitega kwa basi kupitia kona za Bugarama na Muramvya, au Ubelgiji katika sanduku la msafiri, tulizitia katika majalada ya karatasi ngumu pamoja na vile vifuko vya kitambaa.

Katika majalada yote mawili tuliweka kijitabu kimoja cha kurasa nane. Wanafunzi wajue kwamba karatasi moja ikikunjwa mara moja hutoa kurasa nne, basi idadi ya kurasa za kijitabu sharti igawanyike kwa nne. Ukiandika kurasa tisa utalipia tatu tupu. Tuliandika majina ya wote walioimba na kupiga, mahali na tarehe ya kurekodi, na maelezo ya inanga kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Zaidi ya hayo, tulichapa jina la mzee juu ya CD yenyewe, kwani majalada hupotea. Hatukubandika lebo za gundi, maana katika joto hubanduka upande mmoja na kuifanya CD iyumbe inapozunguka. Wala hatukuandika kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu, kwa sababu ile niliyokwisha kuieleza ya utando wa juu.

Waliorudisha CD za kwanza tuliwabadilishia. Wengine hawakurudisha, na hao hatuwajui wote. Bila shaka mpaka leo yuko mtu aliye na CD yetu katika bahasha nyeupe, naye aamini kwamba mzee yule hakuwa na sauti. Jambo hilo hunisikitisha bado.

Nilimpelekea mzee nakala yake mwenyewe. Yeye hasomi. Alimwita mjukuu wake, akamwambia amsomee yaliyoandikwa. Mtoto aliposoma jina la babu yake, mzee alisema, "Rudia." Akarudia. Kisha akakifunga kisanduku, akakiweka juu ya kabati karibu na inanga yake, wala hakusema neno jingine.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi mnaosoma sasa, najua kwamba wengi wenu hamtanunua CD hata moja maishani mwenu. Lakini mnarekodi kwa simu kila siku: bibi anayesimulia hadithi, wapiga ngoma wa kijijini, kwaya ya Jumapili. Rekodi hizo hubaki katika simu na tarakimu tupu badala ya jina, kama bahasha yangu nyeupe. Jioni mnaporudi nyumbani, andikeni ni nani aliyeimba, ni wapi, na ni siku gani. Kazi hiyo haichukui dakika tano wala haigharimu faranga moja.