Mnunuzi akitafuta kahawa kwenye Google, ataona koperative yenu?



Koperative nyingi za kahawa za Kivu ziko sasa na tovuti, ao "site" kama vile tumezoea kusema. Zingine zilitengenezwa na wafadhili, zingine na kijana wa kijiji anayejua kompyuta. Lakini mnunuzi aliye Ubelgiji akiandika kwenye Google "café arabica Kivu", mara nyingi koperative haionekani. Anayeonekana ni mchuuzi wa katikati, na yeye ndiye anaandikiwa. Bei inazungumzwa naye, mkulima anapata kile kinachobaki. Juu ya hiyo tunaeleza leo namna ya kufanya tovuti ionekane, bila kulipa mtu.

Google inafanya kazi namna gani?

Google iko na programu zinazotembea toka ukurasa mmoja mpaka mwingine kwa kufuata viungo. Kila ukurasa unaosomwa na kukubaliwa unaingia katika daftari kubwa, sawa vile mwenye depo anaandika kila mfuko unaoingia. Mtu akiuliza, Google inatafuta katika daftari hiyo na kutoa kurasa zinazojibu swali lake vizuri zaidi.

Basi mambo ni mawili. Ukurasa usioandikwa katika daftari hauwezi kutoka. Na ukurasa usiokuwa na maneno ya mnunuzi hautatoka kirahisi, hata kama kahawa yenu ni nzuri namna gani.

Kwa kujua kama muko katika daftari, andikeni kwenye Google neno "site:" na kufuatisha anwani ya tovuti yenu, bila kuacha nafasi. Kurasa zenu zikitokea, Google inawajua. Kama hakuna kitu, anayechunga tovuti aiandikishe katika Google Search Console. Ni bure, na kiisha itawaonyesha pia maneno ambayo watu waliandika mpaka wakawaona.

Andikeni maneno ya mnunuzi

Kosa tunaloona sana ni hili: kichwa cha ukurasa ni "Bienvenue", ao herufi za kifupi za jina la koperative. Nani anatafuta "Bienvenue"? Na mnunuzi asiyewajua hawezi kuandika jina lenu. Yeye anaandika kitu anachotaka: zao, aina, fasi linapotoka. Kwa hiyo kichwa kiwe kama hivi: "Café arabica lavé de Kalehe, Sud-Kivu, RDC", halafu ndipo jina la koperative.

Chini ya kichwa, elezeni kwa maneno ya wazi:

- Aina ya kahawa, kwa mfano Bourbon ao Blue Mountain.
- Urefu wa mashamba. Ziwa Kivu lenyewe liko metre 1460 juu ya bahari, basi mashamba ya milima yake yako juu zaidi. Wanunuzi wa kahawa bora wanauliza jambo hili mbele ya mengi.
- Namna munaosha na kukausha, na miezi ya mavuno.
- Kiasi. Kontena la futi 20 linabeba karibu mifuko 320 ya kilo 60, ndiyo tani 19,2. Kama munajaza moja, semeni. Kama ni mifuko 50, semeni vilevile: wako wakaangaji wadogo wanaotafuta hiyo.
- Namba ya simu na anwani ya barua pepe ambayo mtu anafungua kila siku.

Andikeni ukweli tu. Mnunuzi ataomba sampuli, na kikombe kitasema.

Kiswahili ni kwa wanamemba, lakini mnunuzi wa ng'ambo anatafuta kwa Kifaransa ao Kiingereza. Kila lugha iwe na ukurasa wake. Musichanganye zote pamoja.

Picha na uzito

Google inasoma maandishi vizuri kuliko picha. Habari ya kahawa mukiiweka ndani ya picha tu, ni kama kibao kilichogeuzwa kuangalia ukuta. Tena, picha moja ya telefoni inaweza kuwa na mega 3 ao 4. Ipunguzeni mbele ya kuiweka, juu ukurasa mzito unachelewa kufunguka, na mtu anaondoka.

Omba jirani akutaje

Tovuti nyingine ikiweka kiungo cha kuja kwenu, Google inaona kwamba kuna watu wanaowaamini. Ombeni wanunuzi mulio nao, shirika linalowasaidia, na muungano wa koperative waweke kiungo hicho. Musinunue viungo: Google inakataza, na tovuti yenu inaweza kushushwa.

Jichungeni na wadanganyifu

Mtu akija kusema, "Nipeni dola 200, nitawaweka wa kwanza kwenye Google", mukatae. Google haipokei pesa kwa kupandisha mtu katika majibu ya kawaida. Kinacholipiwa ni matangazo, nayo yanaonyeshwa wazi kuwa ni matangazo. Kazi hii inaomba uvumilivu: matokeo yanaweza kuchukua wiki, hata miezi.

Jambo la mwisho ni jina la tovuti. Liandikishwe kwa koperative, si kwa kijana aliyeitengeneza, na neno la siri lijulikane na watu wawili wa komite. Jina linalipiwa kila mwaka. Mukisahau, mtu mwingine anaweza kulichukua, na kazi yote inapotea.

Kwa mkutano wenu ujao wa komite, fungueni tovuti kwa telefoni na kujiuliza: kichwa kinasema tunauza nini na wapi? Kiasi cha msimu huu kimeandikwa? Nani anashika neno la siri? Kama jibu moja linakosa, muanzie hapo.