Kofia ya kufuma kwa mtoto njiti

Kofia ya sufi tumezoea kuihusisha na Njombe, si Mwanza. Lakini mtoto njiti hupoteza joto haraka hata kwenye joto letu, sembuse usiku upepo wa ziwa ukivuma. Kichwa chake ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, mafuta yake machache. Ndiyo maana mama anayembeba kifuani, ngozi kwa ngozi, huambiwa amvalishe kofia.

Hata anayeanza kufuma ataiweza. Pima mzunguko wa kichwa, punguza sentimita 2, kwani kofia huvutika. Fuma kipande bapa chenye upana huo, mshono uleule mstari hadi mstari, kimo sentimita 14 hivi. Pitisha uzi kwenye vitanzi vyote, vuta kifunge juu, shona ubavu. Vifungo na utepe acha. Ikilowa ivue mara moja, humpoza, fuma mbili.