ILANI ZA VYAMA VYA SIASA NA MWANACHAMA WA CHAMA CHA WAFANYAKAZI



Kila uchaguzi unapokaribia, vyama vya siasa hutoa ilani. Wengi wetu huzisikia majukwaani, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Lakini ilani ni ahadi iliyoandikwa. Chama kikishinda, ahadi hiyo yaweza kuwa sheria itakayomgusa mwanachama katika mshahara, mkutano na mfuko wa chama chake. Tutaeleza jambo hili kwa mfano wa Uingereza.

Katika uchaguzi wa Mei 1979, baada ya majira ya baridi yenye migomo mingi, chama cha Conservative kiliahidi kupunguza uwezo wa vyama vya wafanyakazi. Kilishinda. Sheria ya 1980 ikaweka mpaka kwa wagomaji: waweza kusimama kwenye lango la mahali pao pa kazi tu, kuwashawishi wengine wasiingie. Ilani ya 1983 ikaongeza ahadi ya kura za siri, na Sheria ya 1984 ikaitimiza. Tangu hapo mgomo uliofanywa bila kura ya siri ulikosa kinga, na mwajiri aliweza kukishtaki chama kilichouitisha.

Sheria hiyo hiyo iliwataka wanachama wapige kura kila baada ya miaka kumi kuamua kama chama chao kiendelee kuwa na mfuko wa siasa. Wengi walidhani mifuko hiyo ingekufa. Viongozi wakaenda viwandani na maofisini kueleza matumizi ya fedha hizo, na katika kura za 1985 na 1986 wanachama wakakubali iendelee. Mwanachama aliyeelezwa hakupotea.

Mwaka 1997 chama cha Labour kiliahidi kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima. Kilishinda, sheria ikapitishwa 1998, na kuanzia tarehe 1 Aprili 1999 mfanyakazi mtu mzima alistahili kulipwa si chini ya pauni 3.60 kwa saa. Hata hivyo, ilani hiyo ilisema wazi kwamba misingi ya sheria za miaka ya 1980 kuhusu kura na migomo ingebaki. Chama kilichoanzishwa kwa msaada wa vyama vya wafanyakazi hakikuahidi kurudisha yote yaliyoondolewa.

Kwa hiyo, anayesoma ilani hana budi kujiuliza:

(a) Je, imeandikwa "tutatunga sheria", au "tutalitazama jambo hili"?
(b) Je, kiasi na tarehe vimetajwa? Ilani ya 1997 haikutaja kiasi cha mshahara. Kazi ya kukipendekeza iliachiwa tume.
(c) Ni jambo gani limenyamaziwa?

Sisi wanaushirika tunajua uzito wa maamuzi ya serikali. Nchini Tanzania vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Katika miaka hiyo sita mkulima hakuwa na chama kikuu cha kumsemea.

Ushirika si tawi la chama chochote cha siasa. Si kazi ya Katibu kuwaambia wanachama wampigie nani kura. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba sehemu za ilani zinazohusu kazi, mazao na ushirika zinasomwa mkutanoni, za vyama vyote, bila kuongeza wala kupunguza neno. Uamuzi ni wa mwanachama mwenyewe, katika siri ya kura yake.